Kete ya Ishirini na Tano

Drafti ina kete ishirini na nne. Kumi na mbili huku, kumi na mbili kule, hata mtoto wa chekechea anajua. Programu ya Injinia ilihesabu ishirini na tano.

Hakushtuka, alikasirika. Miezi minane alikuwa anaifundisha kompyuta kazi moja tu: itazame picha ya ubao, itambue kila kete ilipo, iandike mchezo wote hatua kwa hatua bila mtu kushika kalamu. Chama cha wachezaji kilikuwa kinaisubiri kwa ajili ya mashindano. Mwenyekiti wa chama alipiga simu kila Jumatatu kuuliza imefikia wapi, kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi. Na sasa, zikiwa zimebaki wiki sita, mashine inaona kete ambayo haipo.

Alikagua picha, akahesabu kwa kidole juu ya skrini. Alikwenda sebuleni akahesabu kwenye ubao wenyewe, chini ya kamera iliyoning'inia kwenye mkono wa chuma aliouchomelea kaka yake. Ishirini na nne. Akarudi kwenye programu, ikamwambia ishirini na tano.

"Una wazimu wewe," aliiambia kompyuta.

"Unagombana na nani tena huko?" baba yake aliuliza kutoka sebuleni.

"Na mjinga mmoja, Baba. Endelea kucheza."

Jina la Injinia alimpa baba huyohuyo, siku binti alipoifungua redio ya nyumbani akiwa na miaka tisa na kushindwa kuirudisha. Mzee mwenyewe alikuwa fundi saa, sasa amestaafu, na bingwa wa drafti aliyeshika kombe la chama mara tatu. Tangu mkewe afariki, mchezo ndio uliobaki kumwamsha asubuhi. Binti alipomwomba acheze peke yake, upande huu na upande ule, ili kamera ipige picha kila anapotoa mkono ubaoni, Mzee alivaa shati la kola kana kwamba ameajiriwa.

Yeye ndiye aliyemfundisha mchezo, na alimfundisha bila huruma. Kila alipozidiwa, binti alilialia, "Baba, tuseme sare, nikacheze nje." Mzee alimjibu kwa sheria ya chama chao: anayeomba sare haendi popote, anageuziwa ubao. Aliuzungusha ubao, rangi zikabadilishana, mchezo ukaanza upya. Mtoto akajifunza kutoomba.

Ubao ule wa zamani ulikuwa umefifia, kamera haikuweza kutofautisha mraba mweusi na mweupe. Kwa hiyo Injinia alikuwa amenunua mwingine kwa muuza vitu vya mitumba, mzito, wa mti mweusi, miraba yake safi kabisa. Muuzaji aliufunga kwenye gazeti haraka haraka na kumsindikiza hadi mlangoni, kisha akafunga duka mchana kweupe. Walipoufungua nyumbani ulitoa harufu ya marashi ya waridi yaliyochacha. Mzee alisema itaisha ukipata hewa.

Basi Injinia akaanza kupambana na kete ya ishirini na tano. Alibadilisha balbu. Akashusha pazia, akalipandisha, akalitoa kabisa. Alifuta kioo cha kamera, akanunua kamera nyingine, akaandika upya sehemu nzima ya programu huku chai inapoa pembeni. Kila jioni kosa lilikuwa palepale, na kila asubuhi limehamia mraba mwingine. Alipoikuza picha, kwenye mraba mtupu palionekana duara hafifu, kama alama inayoachwa na glasi yenye maji mezani, basi. Alitamani kulia, lakini alikuwa na hasira mno.

Mwisho alifanya kile wenye kazi hiyo hufanya. Mashine ikiona kitu vibaya, unakusanya picha za kitu hicho, unazitia alama moja moja kwa mkono, unakipa jina na kuifundisha mashine ikijue vizuri, ili ikikutana nacho ikiweke kando. Jina alilokipa ni "kivuli". Siku tisa alizungushia duara picha elfu mbili na mia tatu. Kivuli. Kivuli. Kivuli.

Kaka yake alipita kuleta mboga akasimama nyuma ya kiti chake.

"Yaani unaifundisha kuona kitu ili isikione?"

"Ndivyo kazi inavyofanyika."

"Mimi nikiona ufa kwenye chuma siufundishi, naukata."

"Kachomelee mageti yako, kaka. Niache."

Siku ya kumi programu ilisema: nyeupe kumi na mbili, nyeusi kumi na mbili. Vivuli vilikwenda kwenye safu yao pembeni, safu ambayo Injinia aliificha isimkere. Alimpigia Mwenyekiti, akacheka na yeye, akalala usingizi mzuri. Siku tatu nyumba ilikuwa na amani.

Siku ya nne alimkuta Mzee amepanga kete nyeupe peke yake. Upande wa pili ubao ulikuwa mtupu, na nyeusi zote zimo kwenye kopo lao.

"Baba, panga zote. Nahitaji picha kamili."

"Amekwisha panga zake."

"Nani?"

Mzee alimwangalia kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Huyu," alisema, na kuonyesha kiti kitupu. Kisha akasogeza kete moja, akatoa mkono, akasubiri. Injinia aliona uzee umeanza kubisha hodi, na moyo ukamuuma. Alirudi kazini.

Na kweli wiki ileile Mzee alianza kusahau. Kwanza alisahau wembe unashikwaje. Siku mbili baadaye akasimama mbele ya saa ya ukutani, yeye aliyefungua na kufunga maelfu ya saa, na kuuliza kwa aibu mshale mrefu unasema nini. Injinia alimpeleka kwa daktari. Daktari alisema huo ni umri, akawashauri wawe na daftari: kila anachokisahau, kiandikwe na siku yake na saa yake. Injinia akaandika. Kufunga vifungo vya shati, Jumanne, saa nne asubuhi. Njia ya kwenda msalani, Alhamisi, saa tisa. Uso wa mama kwenye picha ya harusi, Jumamosi, saa nane mchana. Hilo la mwisho aliliandika mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza machozi yalilowesha karatasi.

"Huyu mwanamke ni mzuri," Mzee alikuwa amesema. "Ni nani?"

Jumatatu iliyofuata, saa nane mchana, jua likiwa kali dirishani na jirani anaanua nguo, Injinia alikuwa mezani kwake chumbani. Mzee alikuwa bafuni alikompeleka yeye, maji yanasikika yakimwagika. Sebuleni hapakuwa na mtu. Kutoka huko kukasikika sauti ndogo na kavu. Tak.

Aliijua sauti hiyo tangu utotoni, kete ikiwekwa juu ya mti.

Kamera ikapiga picha, kompyuta ikaliza kengele yake kumjulisha, na Injinia akainuka huku anajiambia kwamba ni pazia, ni paka, ni ubao unaopasuka kwa joto, akatembea ukumbini taratibu, mkono ukutani, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ya waridi lililochacha ilivyozidi kujaa puani na kooni, hadi alipofika mlangoni akaona ubao uko pale, kete nyeupe za baba yake zimebaki nne, upande wa pili hakuna kitu, na kiti kile kitupu, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekisukuma chini ya meza wakati wa kufagia, kimevutwa nyuma kwa nafasi ya mtu mzima aliyekaa vizuri.

Alirudi chumbani kinyumenyume. Akaifunua safu aliyoificha.

Mchezo wote ulikuwa umeandikwa, safi, bila kosa hata moja. Nyeupe dhidi ya vivuli. Vivuli vilianza kumi na mbili, vimepangwa sawasawa kwenye miraba yao, vikasogea, vikala, vikaliwa. Programu yake ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko alivyowahi kuota. Alichukua daftari la daktari akaliweka kando ya skrini. Kete nyeupe imeliwa, Jumanne, saa nne asubuhi: vifungo vya shati. Imeliwa Alhamisi, saa tisa. Imeliwa Jumamosi, saa nane. Nane zimeliwa, mambo manane yameandikwa daftarini.

Kaka alipofika jioni alisikiliza hadithi yote bila kutania, jambo lililomtisha Injinia zaidi.

"Nauchukua ubao," alinong'ona. "Kesho asubuhi nautia kwenye tanuru la karakana. Usimwambie Mzee."

Aliuchukua kabla Mzee hajaamka. Saa nne Mzee alikaa mbele ya meza tupu, akanyoosha mkono, akaukosa ubao. Kengele ya kompyuta ikalia. Tak, na hakukuwa na mti wa kupigwa. Saa tano ikalia tena. Mchana Injinia alimpa baba yake kikombe cha maji, naye akakipeleka mdomoni, maji yakamtoka yakamwagikia kifuani, kwa sababu hakukumbuka namna ya kumeza. Injinia alimpigia kaka yake akipiga kelele.

"Urudishe! Anayeacha kucheza analiwa! Urudishe sasa hivi!"

Kaka aliurudisha mbio, jasho linamtiririka. Moto wa karakana, alisema, ulikuwa umegoma kuwaka. Mzee aliwekewa ubao, akasogeza kete, na baada ya dakika chache akaweza kumeza kidogo kidogo akisaidiwa kwa kijiko. Zilikuwa zimebaki kete mbili.

Kaka ndiye aliyemleta Mama Magodoro. Alikuwa mshona magodoro, mwanamke mnene mwenye sindano ndefu ukosini, na watu walimwita kwa mambo mengine pia, yale ambayo hayasemwi barazani. Hakuja na vibuyu wala mbwembwe. Alivua viatu, akasimama kizingitini, akanusa mara moja tu.

"Kuna mtu amekaa hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Nani alimkaribisha?"

"Hakuna aliyemkaribisha!" Injinia alisema. "Alikuwa kwenye ubao."

"Wa kwenye ubao hukaa kwenye ubao, mwanangu. Akikosa macho ya kumwona na mtu wa kumtambua, anachoka, analala. Huyu kaamka. Nani kamtambua?"

Injinia akafikiria zile picha elfu mbili na mia tatu, moja moja, duara kwa duara.

"Mimi," alisema. "Nimeifundisha mashine imwone."

"Sasa unaona. Hatoki mpaka mchezo uishe, na uishe kwa kuandikwa. Anayeandika ni nani?"

"Ni programu."

"Basi anaisubiri hiyo iseme. Baba yenu akiliwa ya mwisho, hatawajua, wala hatajijua. Anaweza kushinda?"

Injinia alileta kompyuta sebuleni, wakaitazama skrini. Kete moja nyeupe ilikuwa imetolewa chambo ikaliwa, na nyingine imefika mwisho wa ubao, imeingia kingi. Dhidi yake vivuli vitatu, vyote kingi. Hapo hakuna kushinda. Lakini kingi ya Mzee ilikuwa imekaa kwenye ule mstari mrefu unaokata ubao kona hadi kona, ambao wachezaji huuita barabara, na Injinia alihisi nywele zikimsisimka, kwa furaha safari hii.

"Amekamata barabara," alisema. "Kingi moja barabarani haikamatwi na tatu. Hatua kumi na tano bila kuliwa, ni sare!"

"Programu inajua hivyo?" kaka aliuliza.

Hapo ndipo Injinia alipojishika kichwa. Haikujua. Sheria ya sare ilikuwa kwenye orodha ya kazi zake tangu mwezi wa pili, na kila siku aliisogeza mbele kwa sababu ya ile kete moja ya ziada. Programu ilijua kula na kuliwa tu. Ingemwacha mzee wa watu acheze hadi mkono uchoke.

"Cheza, Baba," alisema. "Usitoke barabarani. Tafadhali."

Aliketi sakafuni na kompyuta, akaanza kuandika. Mzee alikuwa amesahau wembe, saa, mkewe na kumeza, lakini vidole vyake viliikumbuka barabara. Aliisogeza kingi kona ya juu. Tak, kikajibu kitu kisichoonekana. Akairudisha kona ya chini. Tak. Harufu ilikuwa nzito hivi kwamba kaka alikwenda kutapika dirishani, Mama Magodoro alikuwa amemshika Mzee mabega na midomo yake inacheza bila sauti, vioo vya kabati vinatetema, kiti kile kitupu kinalia kama kimeelemewa, na Injinia anaandika mstari, anakosea, anafuta, anaandika tena, anamlaani aliyebuni kompyuta na yeye mwenyewe aliyejifunza kazi hiyo, programu inakataa kwa sababu ya alama moja iliyosahaulika, anaitafuta, haioni, anaiona, na mkono wa Mzee umeanza kutetemeka juu ya ubao kiasi kwamba kingi inagusa mraba wa jirani, mraba wa kifo, kabla ya kurudi kwenye njia yake.

Programu ikakubali. Ikahesabu hatua. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kidude kidogo kikatokea kwenye skrini kimeandikwa *Dai sare*. Mikono ya Mzee ilikuwa imeng'ang'ania kete yake. Injinia akabonyeza mwenyewe.

Sare, ikaandika programu.

Vioo vikatulia. Upepo wa kawaida ukaingia na sauti ya jirani anayegombana na mumewe. Harufu ikakatika. Mzee akaegemea kiti, akaomba maji, akayanywa yote, akayameza. Kaka akakaa chini akalia bila kujificha.

"Kilicholiwa hakirudi chote," Mama Magodoro aliwaambia akivaa viatu. "Shukuruni kwa kilichobaki. Na wewe, fundi, ifute leo. Isilale humu ndani."

"Nitaifuta, Mama."

Na alikusudia kweli. Lakini alipopanga kete zote na kuifungua jioni ile, programu ilihesabu nyeupe kumi na mbili, nyeusi kumi na mbili, vivuli sifuri. Miezi minane, na leo ndiyo siku ya kwanza inahesabu sawasawa. Mwenyekiti angekuja keshokutwa kuiona. Injinia alijiambia kwamba mchezo umeisha, umeandikwa, na aliyekuwepo ameondoka. Siku mbili zina neno gani? Akafunika kompyuta akaenda kulala.

Kesho yake, saa nane mchana, alikuwa jikoni anamsagia Mzee viazi.

Tak.

Alisimama na mwiko mkononi. Kengele ya kompyuta ikalia. Alikwenda sebuleni. Mzee alikuwa amekaa pembeni, si kwenye kiti chake. Ubao ulikuwa umezungushwa. Kete nyeusi kumi na moja zilikuwa zimepangwa mbele ya kiti kimoja, na ya kumi na mbili imelala ubavu nje ya ubao. Mbele ya kiti cha pili hapakuwa na kitu, ila harufu ya waridi lililochacha.

Injinia aliikimbilia kompyuta. Ataifuta, programu, picha, kila kitu, sasa hivi, na Mwenyekiti aende zake! Skrini ilikuwa imejifunga kama kawaida, inaomba neno la siri. Neno lilelile alilolitumia miaka sita, mara kumi kwa siku, bila kufikiri. Akaweka vidole kwenye vitufe.

Vidole havikwenda popote. Alisubiri. Akalitafuta kichwani, hata herufi ya kwanza, na mahali lilipokuwa palikuwa peupe.

"Kaka!" aliita, ingawa alijua kaka yuko karakana. "Kaka!"

"Unapiga kelele za nini?" Mzee aliuliza. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mwalimu asiye na huruma. Alinyoosha mkono, akakivuta kiti kilichokuwa mbele ya kete nyeusi, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaa ucheze. Si wewe uliyeomba sare?"